Kichwa changu, mkasi wa nani?

Semista imeisha, pepa la mwisho nimelimaliza Ijumaa na nina usingizi wa deni la miezi mitano. Lakini kabla sijaenda kulala kuna jambo limenikaa hapa kooni tangu Jumatatu, na nisipolitoa hata huo usingizi hautakuja.

Jumatatu nimekata nywele. Siyo kipara, hapana. Nimekata zote zilizokuwa na dawa, nikabaki na zangu mwenyewe za kipilipili. Pembeni zimeshuka chini kabisa, juu zimebaki fupi lakini zinashikika, na kinyozi kanichongea kamstari kembamba upande wa kushoto. Nimependeza. Nalisema mwenyewe wala sioni haya, maana nikisubiri nyie mniambie nitazeeka.

Basi bwana, kutoka geti la hosteli mpaka kwenye chai ni mwendo wa dakika saba. Katika dakika hizo saba nimeulizwa maswali manne. Wa kwanza: "Vipi, umeachwa?" Wa pili kwa sauti ya chini: "Pole, nani kafariki?" Wa tatu akataka kujua kama nimeokoka. Wa nne, huyo ndo kaniua kabisa, akanikonyeza akasema, "Mh, umempata nani?" Watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba labda huyu dada aliamka tu, akajiangalia kwenye kioo, akaona anataka kupendeza.

Sasa sikilizeni kinachoniuma. Miezi yote mitano iliyopita nilikuwa natembea na kitambaa kichwani. Chini ya kile kitambaa kulikuwa na pori. Nywele zimekatika huku, zimeota kule, mba umejaa, kitana kimevunjika meno mawili sijanunua kingine. Nilikuwa na riseachi, nilikuwa na asaimenti zimepangana kama daladala za asubuhi, na bumu likitoka linaishia kwenye kuprinti. Sikuona tatizo wakati ule na sioni tatizo leo. Mtu ana mikono miwili, na yangu yote ilikuwa imeshika kalamu. Lakini katika miezi yote hiyo hakuna aliyeniuliza kama naumwa. Hakuna aliyesema pole. Nilichosikia ni sifa: "Huyu dada msomi kwelikweli, hana mambo mengi."

Yaani nikiwa nimechakaa ni msomi. Nikipendeza nina kesi ya kujibu. Hiyo hesabu mmeipata wapi?

Nimekaa nikafikiria nikagundua kwamba hesabu hii ina mizizi, na mizizi yenyewe inatuhusu zaidi sisi tunaosomea ualimu kuliko watu wa vitivo vingine. Ngoja niichambue moja moja.

MOJA: Eti mwalimu hapendezi

Kuna mhadhiri mmoja, simtaji, aliwahi kutuambia darasani kwamba mwalimu wa kike anayehangaika na nywele hana muda wa kuandaa andalio la somo. Darasa zima likacheka. Wenzetu wa kiume nao wakacheka, na nusu yao walikuwa wametoka kunyoa siku hiyo hiyo, wamechongwa kisogo mpaka kinang'aa. Mwanaume akienda kwa kinyozi kila wiki mbili ni msafi. Mwanamke akienda saluni mara moja kwa semista hana akili timamu. Hebu nisaidieni hapo.

Nilipokuwa tipii mwaka jana nilifundisha Kidato cha Pili, wanafunzi zaidi ya themanini kwenye darasa moja. Nawaambia, watoto wanamsoma mwalimu kabla hajaandika tarehe ubaoni. Wanajua ukiwa umelala, wanajua ukiwa na njaa, wanajua ukiwa umeshajikatia tamaa. Siku umekuja umejipanga wananyooka wenyewe. Sisemi ununue gauni la laki. Nasema mwalimu aliyejitunza anamwambia mtoto kitu bila kufungua mdomo: kwamba hii kazi ina heshima na aliyeichagua hajaadhibiwa.

Na tusidanganyane, ndo maana nusu ya darasa letu ukiwauliza wanasoma nini wanajibu kwa sauti ya chini. Tumekubali kwamba ualimu ni kazi ya mtu aliyechoka, basi na sisi tunajichosha mapema ili tufanane nayo. Mi nakataa. Mshahara utakuwa mdogo, sawa, hilo tutapigania. Ila sura yangu haimo kwenye makato.

MBILI: Saluni zinazokufunika

Upande wa pili nao kuna watu wangu wa saluni. Nawapenda, lakini leo mtanisamehe.

Kabla ya kwenda kwa kinyozi nilipita saluni moja maarufu kwa wanachuo. Nimefungua kitambaa tu, dada akashika nywele kwa vidole viwili kama ameshika panya. "Mdogo wangu, hizi hazibebeki. Tuweke dawa kwanza, afu nikushonee wivingi." Nikamwambia dada, mi naomba uniangalie uso, uniambie nikate vipi nipendeze. Akanishangaa. Akaniambia, "Sasa ukikata utakuwa kama wa sekondari." Dada wa pembeni akadakia, "Rasta basi, elfu arobaini tu, unakaa miezi miwili."

Elfu arobaini tu! Wenye mkopo mnajua, posho ya chakula na malazi ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa hiyo hizo rasta ni siku nne za kula na kulala. Kinyozi wangu kachukua elfu nane na maji ya moto juu.

Lakini pesa siyo hoja yangu kubwa. Hoja yangu ni kwamba nimeomba kupendezeshwa nikajibiwa kwa kufunikwa. Nywele zangu zilichukuliwa kama uchafu ambao dawa yake ni kuuficha. Na hiyo dawa yenyewe tuizungumze, maana sisi ni watu wa shule.

Dawa kali za kunyoosha nywele zinatumia sodiamu haidroksaidi. Ndiyo ile ile kostiki soda ambayo kina mama wanatengenezea sabuni, ile wanayovaa glavu wakiishika. Zile zinazouzwa kama dawa laini mara nyingi zina kalsiamu haidroksaidi, yaani chokaa iliyozimwa, inayochanganywa na kimiminika kingine unapotaka kupaka. Kazi yake ni kuvunja vile viungo vya salfa vinavyoufanya unywele ujikunje. Ukishavunja havirudi. Ndo maana ikizidi dakika ngozi inaungua, na wewe umekaa kwenye kiti unaambiwa, "Vumilia kidogo ishike." Vumilia! Utadhani unatolewa risasi.

Na mwaka 2022 ulitoka utafiti Marekani kwenye jarida la Taasisi ya Taifa ya Saratani ya huko. Walifuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka kumi na moja. Waliokuwa wanatumia dawa za kunyoosha mara kwa mara, zaidi ya mara nne kwa mwaka, walikadiriwa kuwa na uwezekano wa asilimia 4.05 wa kupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70. Ambao hawakutumia walikuwa asilimia 1.64. Sasa msikimbie na maneno yangu. Utafiti haujasema kila anayeweka dawa ataugua, na kuonekana pamoja siyo sawa na kusababisha. Hilo tumesoma kwenye takwimu. Asilimia nne bado ni wachache. Lakini ni zaidi ya mara mbili, na ni haki ya mtu kuambiwa kabla hajapakwa. Mmeshawahi kuambiwa na nani?

Msinielewe vibaya tena. Anayependa dawa aweke, anayependa wivingi ashone, anayevaa wigi avae mpaka litoe jasho. Kichwa chake. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana, wakapiga marufuku vimini, suruali za kubana, krimu za kujichubua na mawigi, kuanzia Januari mosi 1969. Mabibi zetu wakawa wanawindwa mjini kwa sababu ya walichovaa. Sitaki kuanzisha operesheni yangu hapa. Ninachogomba ni kwamba anayechagua achague akijua, na anayetaka nywele zake mwenyewe asiambiwe hazibebeki.

TATU: Tulinyolewa, hatukufundishwa

Hapa ndo penyewe. Kaeni vizuri.

Kwa nini msichana wa miaka ishirini na mbili, anayejua kuandika azimio la kazi la mwaka mzima, hajui kuosha kichwa chake mwenyewe? Jibu ni rahisi: hajawahi kuwa nacho. Wengi wetu tuliopita shule za serikali tumenyolewa tangu darasa la kwanza. Darasa la kwanza mpaka la saba, Kidato cha Kwanza mpaka cha Sita. Jumapili jioni foleni, Jumatatu ukaguzi. Ukikutwa zimezidi, mkasi unapita katikati ya kichwa, njia moja tu, ili ukamalizie mwenyewe kwa aibu. Nani hajawahi kuiona hiyo njia kwenye kichwa cha mwenzake? Nani hajawahi kucheka wakati mwenzake analia?

Shuleni kwetu kulikuwa na binti mmoja wa Kiarabu. Yeye aliruhusiwa kubana nywele zake kwa nyuma, ndefu mpaka mgongoni. Tulipouliza tukaambiwa, "Za kwake zinalala." Sikumchukia yule binti, alikuwa rafiki yangu na kwenye hesabu alikuwa ananisaidia. Lakini nilielewa somo. Za kwake zinalala, zangu zinasimama, na kinachosimama kinakatwa.

Watu wa elimu, si tumefundishwa mtaala uliofichika? Yule Mmarekani Philip Jackson aliandika mwaka 1968 kwenye kitabu chake Life in Classrooms kwamba shule inafundisha mambo mengi ambayo hayamo kwenye silabasi. Tumelikariri hilo, tumejibia mtihani, tumepata B zetu. Haya, huu hapa mfano hai uko juu ya vichwa vyenu. Miaka kumi na tatu shule inamfundisha msichana kwamba nywele zake ni kosa la kinidhamu. Kisha siku moja inamfungulia geti, nenda chuo. Anafika hana elimu yoyote ya kichwa chake, ana bumu la kwanza mkononi, na nje ya geti kuna saluni inayomwambia hazibebeki. Mnategemea atafanya nini?

Na tulisoma! Kwenye Baiolojia tulichora mchoro wa ngozi, tukaonyesha shina la unywele, tukaonyesha tezi ya mafuta, mistari tukainyoosha kwa rula. Alama tano. Lakini hakuna aliyetuambia kwamba mafuta ya ile tezi yanashindwa kushuka vizuri kwenye unywele uliojikunja, ndo maana nywele zetu zinakauka mapema na zinataka maji na mafuta. Hakuna aliyetuambia kwamba nywele zikivutwa kwa nguvu kila siku kwa rasta za kubana, zile za pembeni ya paji zinakimbia, na ukiendelea miaka mingi shina linakufa na hazirudi tena. Tulichora kitu kilichoko juu ya vichwa vyetu, na vichwa vyenyewe vimenyolewa. Kama siyo kichekesho ni nini?

Mnaotetea mkasi nawajibu

Najua mtasema nini, nimebishana na room-mate wangu mpaka saa nane usiku.

Mtasema usafi. Mtoto akiwa na nywele atapata chawa, atapata mapunye. Sawa. Lakini mapunye ni fangasi, na moja ya njia zake za kusafiri ni mashine ya kunyolea inayotoka kichwa kimoja kwenda kingine bila kusafishwa. Foleni ya Jumapili ya wanafunzi mia na mashine moja, hapo umezuia au umegawa? Usafi ni maji na sabuni. Kama shule haina maji tuseme shule haina maji, tusikate nywele za watoto kuficha bomba lililokauka.

Mtasema muda. Msichana akisuka hatasoma. Mi nimesema hapo juu, nimekaa miezi mitano sijagusa kichwa kwa sababu ya kusoma, na hakuna aliyenishikia mkasi. Mtu mwenye kazi anajua kupanga muda wake akifundishwa. Na twende kilioni jamani inachukua muda gani? Mistari sita imelala nyuma, rafiki anakusuka Jumamosi mnapiga soga, bure kabisa, inakaa wiki mbili.

Mtasema usawa. Hapa nawapa haki yenu, ni hoja ya maana. Mtoto wa tajiri atakuja na rasta za laki na mtoto wa mkulima ataona aibu. Kweli. Lakini usawa unaweza kuwekwa bila kupunguza watu. Shule iseme: nywele zako mwenyewe, hakuna kuongeza, hakuna dawa, fupi au twende kilioni, chagua. Hapo tajiri na maskini wamelingana, na kila mmoja amebaki na kichwa chake. Zipo shule zinazoruhusu kusuka mistari na hazijaanguka.

Wala tusifikiri ni ugomvi wetu peke yetu. Agosti 2016 wasichana wa shule ya Pretoria High School for Girls huko Afrika Kusini waliandamana kwa sababu ya kusumbuliwa kuhusu nywele zao za asili, watoto wadogo kabisa, na serikali ya jimbo ikaagiza kifungu kile kisimamishwe. Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba binti wa Kirasta aliyefukuzwa shule kwa ajili ya dredi arudi darasani. Mei 2023 Mahakama Kuu ya Malawi nayo ikaamua watoto wa Kirasta waruhusiwe shule za serikali na nywele zao. Kesi za Kenya na Malawi zilisimama juu ya dini, na hilo linanifikirisha: yaani mtoto lazima awe na Mungu wa kumtetea ndo aachiwe alichoota nacho?

Jinsi nilivyochagua, kwa anayetaka

Kuna mabinti wawili wameniuliza nilifanyaje nikapata mkato unaonikaa, nikaona niwaambie wote, maana kupinga bila kusaidia ni kelele.

Kwanza nilijiangalia. Kwa kweli, siyo kupita mbele ya kioo. Nilibana nywele zote nyuma nikaangalia uso ulivyo. Wangu ni wa duara na mashavu ninayo. Uso wa duara unataka juu pawe na kimo kidogo na pembeni pawe chini, unaonekana umerefuka. Mwenye uso mrefu afanye kinyume, asijaze juu, aache pembeni zijae. Mwenye paji pana aache nywele kidogo zije mbele au asuke mstari wa upande. Siyo sheria ya Musa, ila inasaidia kuliko kuonyesha picha ya msanii ambaye uso wake hamfanani.

Pili niliziangalia nywele zenyewe. Nywele zinaota kama sentimita moja kwa mwezi, nyingine pungufu. Miezi mitano bila ritachi nilikuwa na karibu sentimita tano za kwangu mwenyewe chini, laini kabisa, na juu yake mikia ya dawa imekauka kama nyasi za Oktoba. Mahali zinapokutana ndipo zinapokatika. Kwa hiyo mkato wangu ulikuwa umeshaota wenyewe chini ya kitambaa wakati mi nahangaika na riseachi. Kilichobaki ni kuondoa mikia. Halafu za pembeni ya paji zilikuwa zimepungua kwa sababu ya rasta za mwaka wa kwanza, na pembeni zikishushwa zote huwezi kuona palipopungua.

Tatu nilitafuta fundi anayesikiliza. Kinyozi wangu anafanya kazi kwenye kibanda cha kiume, kioo kimoja, redio ya mpira. Aliniuliza swali ambalo saluni hawakuniuliza: "Dada, asubuhi unapata dakika ngapi za kujitengeneza?" Nikamwambia kumi. Akasema basi tukate za dakika kumi. Akaziosha, akazikausha kabisa ndo akakata, maana nywele zetu zikiwa mbichi zinajinyoosha, zikikauka zinarudi ndani. Ukikatwa mbichi utafika nyumbani unajiuliza nusu imeenda wapi. Na kabla hajaanza alipaka spiriti kwenye mashine mbele ya macho yangu. Mwombe na wako afanye hivyo, wala usione aibu, unalipa.

Sasa hivi asubuhi nalowanisha kwa maji, napaka mafuta ya nazi kidogo, nachambua kwa vidole, natoka. Dakika sita. Nne zilizobaki nanywa chai.

Sasa tuulizane

Wenzangu wa ualimu, hili naliacha mezani na sitaki mlikwepe. Mwakani au mwaka unaofuata tutapangiwa shule. Jumatatu ya kwanza asubuhi tutasimama paredi, upepo unapuliza, wanafunzi wamejipanga. Na mwalimu wa nidhamu atakuja kwako wewe, mwalimu mpya, mwanamke, atakukabidhi mkasi. "Madam, kagua wasichana."

Utafanya nini?

Maana hapo ndo itajulikana kama tulikuja hapa kupata cheti au kupata akili. Mtoto wa Kidato cha Kwanza atasimama mbele yako na nywele sentimita tatu, zimeoshwa, zimechanwa, na macho yanakutazama. Sheria ya shule itakuwa bado ipo, na wewe uko kwenye majaribio ya kazi, sitawadanganya kwamba ni rahisi kugoma. Lakini kuna mambo unaweza. Unaweza kukataa kuchora ile njia katikati ya kichwa, kwa sababu hiyo siyo nidhamu, ni kudhalilisha tu. Unaweza kumwambia mtoto pembeni, taratibu, akapunguze. Unaweza kuomba mashine isafishwe. Unaweza kusimama kwenye kikao cha walimu ukasema twende kilioni iruhusiwe, ukashindwa, ukasema tena muhula ujao. Na kipindi cha ngozi kikifika unaweza kufuta mikono chaki ukawaambia: hili shina tulilochora liko hapa, juu ya kichwa chako, na linatunzwa hivi.

Na unaweza kuingia darasani umependeza. Na nywele zako, zozote ulizochagua mwenyewe. Watoto themanini wakuone. Nusu yao ni wasichana wenye vichwa vilivyonyolewa, wanaoambiwa kila wiki kwamba chao kinachosimama ni kosa. Wamwone mwalimu wao zake zimesimama, na somo lake limeeleweka.

Kwa hiyo wale wanne wa Jumatatu, majibu yenu haya hapa. Sijaachwa. Hajafa mtu, namshukuru Mungu. Kanisani niko kama mlivyoniacha. Na nimempata nani? Kinyozi, kibanda cha pili ukitoka stendi, elfu nane. Nendeni mkapange foleni.

Haya, nakwenda kulala. Nawapenda wote, hata wenye mawigi.